Je, Mkristo anaruhusiwa kuhukumu mwenendo wa mwenzake?

"Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kimara, na ni katibu wa jumuiya yetu. Tuna dada mmoja ambaye alikuwa anaimba kwaya ya usharika. Huu ni mwaka wa tatu anaishi na mwanaume bila ndoa, na mwezi uliopita amejifungua. Desturi yetu mtu akijifungua tunachangishana, tunakwenda kumwona mzazi. Safari hii kwenye kikao nilisimama nikasema tukienda tutakuwa tunabariki dhambi, na wengi wakaniunga mkono. Usiku ule binti mmoja akaandika kwenye grupu la jumuiya: 'Msihukumu, msije mkahukumiwa.' Tangu hapo hata salamu zimekuwa za shingo upande. Kinachonichanganya zaidi, neno hilo hilo ndilo analojibiwa kila anayeuliza habari za hela za kikoba chetu, ambazo hazieleweki zilipo tangu Pasaka. Nikinyamaza naona nashiriki dhambi. Nikisema naambiwa nahukumu. Naomba jibu la moja kwa moja: tunaruhusiwa au haturuhusiwi?"

Amina, dada yangu. Umeomba jibu la moja kwa moja, nami nakupa: kupima mwenendo unaruhusiwa, tena kuna mahali umeagizwa kabisa. Kumkatia mtu hukumu, kwamba yeye ni wa namna fulani na habari yake imekwisha, hiyo hukupewa. Lakini jibu hilo peke yake halitakusaidia siku ya kikao, kwa sababu yule binti wa kwenye grupu naye ana andiko, na andiko lake ni la kweli. Tulisome pamoja taratibu, halafu nitakwambia ninavyoona kuhusu huyo mzazi na kuhusu hizo hela. Ni kesi mbili tofauti, na jumuiya yenu imezifunika kwa shuka moja.

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili, hukumu inatupeleka moja kwa moja kwa hakimu na mahakamani. Maneno hayo yote yametoka kwenye shina moja la Kiarabu. Kinachosahaulika ni kwamba hekima nayo imetoka shina hilo hilo. Neno la Kigiriki lililoko kwenye Mathayo 7:1, krino, ni pana vilevile: kuchagua, kupambanua, kukata shauri, na pia kumtia mtu hatiani. Ndiyo maana Yesu yule yule aliyesema "Msihukumu" anasema kwenye Yohana 7:24, "ifanyeni hukumu iliyo ya haki," na hajipingi. Ukiisoma Mathayo 7 bila kuishia mstari wa kwanza, utamkuta mstari wa 6 anawaambia wasiwape mbwa kilicho kitakatifu, na mstari wa 15 wajihadhari na manabii wa uongo, kisha anaongeza kwamba watawatambua kwa matunda yao. Utamtambuaje nabii wa uongo bila kupima anachokifanya? Kwa hiyo anayelishika neno "msihukumu" kuwafunga watu midomo wasiulize lolote, amelikata andiko katikati.

Na katikati ya sura hiyo kuna kibanzi na boriti, mfano ambao tumeusikia mara nyingi mpaka umekuwa mwepesi. Boriti ni mti. Ni ile miti ya mikoko iliyokuwa ikikatwa delta ya Rufiji na kupakiwa majahazini, minene kuliko fito na pau, inayobeba dari ya nyumba za zamani za pwani. Mwenye kitu cha namna hiyo jichoni hawezi hata kumsogelea mwenzake. Kitamgonga kabla hajafika. Sasa fikiria kibanzi kinavyotolewa. Wewe ni mama, umeshafanya. Mtoto amekuja analia, kitu kimemwingia jichoni. Unamkalisha kwenye mwanga, unamwinua kidevu, unamwambia tulia, unafunua kope kwa kidole gumba, unachukua ncha ya khanga uliyoilowesha kidogo, na pumzi unaibana ili mkono usitetemeke. Kazi hiyo haifanyiki kutoka ng'ambo ya barabara. Haifanyiki mbele ya watu ishirini. Na mtoto hakupi jicho lake kama hakuamini.

Angalia pia Yesu alivyomaliza. Hakusema kiache kibanzi cha ndugu yako. Alisema toa kwanza boriti, "ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi." Kibanzi ni cha kutolewa. Kinauma, na kikikaa kinaharibu jicho. Kumwacha ndugu yako nacho kwa kisingizio cha kutohukumu ni kumtelekeza. Paulo anaposema kwenye Wagalatia 6:1, "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole," kitenzi alichotumia ndicho kile ambacho Injili inakitumia kwa wana wa Zebedayo walipokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Ukipita Feri au Kunduchi jioni utawaona wavuvi wamekaa chini, wavu umetandazwa mapajani, mtu anatafuta tundu moja moja kwa vidole na kulishona. Hakuna anayeupigia wavu kelele, wala hakuna anayeutupa kwa sababu ya tundu.

Hapo ndipo ninapopata kipimo ninachokitumia mimi mwenyewe, nacho ni umbali. Maneno uliyoyasema kikaoni, ungeweza kumwambia yeye mwenyewe, mko wawili tu, umempakata mtoto wake? Kama yangebadilika mdomoni mwako kabla hayajatoka, basi hayakuwa maonyo. Maonyo yana anwani, na anwani yake ni mtu mwenyewe.

Kuna habari moja naomba uisome leo jioni, Luka 7 kuanzia mstari wa 36. Simoni Mfarisayo amemwalika Yesu chakula. Anaingia mwanamke wa mji ule ambaye kila mtu anajua habari zake, analia miguuni pa Yesu, anaifuta miguu kwa nywele zake, anaipaka marhamu. Simoni hasemi kitu kwa sauti. Anasema moyoni kwamba huyu angekuwa nabii, angejua mwanamke huyu ni wa namna gani. Yesu anampa mfano wa wadeni wawili, mmoja anadaiwa dinari 500, mwingine 50, wote wakasamehewa. Yupi atampenda zaidi aliyewasamehe? Simoni anajibu kwamba anadhani ni yule aliyesamehewa nyingi. Yesu anamwambia, "Umeamua haki." Dada yangu, kitenzi hicho kwenye Kigiriki ni krino ile ile ya Mathayo 7. Simoni amehukumu, na amesifiwa kwa kuhukumu sawasawa.

Halafu Yesu anageuka. Uso ameuelekeza kwa mwanamke, maneno anamwambia Simoni: "Wamwona mwanamke huyu?" Nimefundisha sura hii miaka mingi na swali hilo bado linanisimamisha. Simoni alikuwa anamwona tangu alipoingia mlangoni, na historia yake alikuwa anaijua. Lakini Yesu anaanza kumhesabia ambayo hakuyaona. Nimeingia nyumbani kwako hukunipa maji ya miguu, huyu ameinywesha miguu yangu machozi. Hukunibusu, huyu hakuacha kunibusu miguu. Hukunipaka mafuta kichwani, huyu amepaka marhamu miguuni. Mwenye nyumba, mtu wa dini, alikuwa amepungukiwa na adabu ya kawaida ya kumpokea mgeni, na wakati huo huo macho yake yalikuwa kwenye dhambi ya mwingine. Tena Yesu hakusema mwanamke yule hana dhambi. Alisema ni nyingi, na zimesamehewa.

Nakuuliza swali hilo hilo, na siulizi kwa kukusuta: mnamwona mwanamke huyu? Mnajua hana cheti cha ndoa. Mnajua kwa nini hana? Nimekaa na wachumba wengi wa namna hiyo hapa Dar. Wengine mahari imekwama, baba wa binti hataki kusikia mpaka imalizike. Wengine wanaogopa gharama, kwa sababu tumewafundisha wenyewe kwamba harusi bila ukumbi, kamati na kadi za michango ni aibu. Wengine mwanaume ndiye anayekwepa, kila mwaka anasema mwakani, na binti amebaki hapo kwa kuwa hana pa kurudi. Hayo ni mambo matatu tofauti na kila moja lina dawa yake. Kikao chenu kilitoa dawa moja kwa ugonjwa ambao hakuna aliyekwenda kuupima.

Na kuna kitu nimekitafuta kwenye swali lako sikukiona: yule mwanaume. Ni Mkristo? Ana usharika? Kuna mzee wa kanisa aliyemfuata? Katika Yohana 8 wanamleta kwa Yesu mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, na mtu anajiuliza mwanaume yuko wapi, maana torati yenyewe, Walawi 20:10, iliwataja wote wawili. Dhambi inayoonekana tumboni tumeizoea kuishughulikia haraka. Paulo kwenye 1 Wakorintho 5:11 anapotaja mambo yanayolivunjia kanisa heshima, anaweka kwenye mstari mmoja uzinzi, tamaa ya mali, matukano, ulevi na unyang'anyi. Ukumbuke hilo tutakapofika kwenye kikoba.

Sura hiyo hiyo inajibu swali ambalo watu huniuliza mara kwa mara, kuhusu majirani wasio wa imani yetu. Paulo anasema waziwazi kwamba walio nje hawamhusu yeye kuwahukumu, Mungu ndiye atakayewahukumu. Tunaishi ukuta kwa ukuta na watu wa dini zote na wasio na dini. Mpangaji mwenzako anayekunywa bia barazani hujapewa wewe umsimamie. Aliye ndani ya jumuiya ni ndugu, na ndugu huonywa, kwa utaratibu ambao Bwana mwenyewe aliuweka kwenye Mathayo 18:15: kwanza "wewe na yeye peke yenu." Akikataa, wawili au watatu. Mwisho kanisa. Ninyi mlianzia mwisho. Najua haikuwa kwa nia mbaya. Agenda ilikuwa michango, neno likatoka. Lakini yeye amelipata kwa njia gani? Kwa ujumbe wa mtu, pengine akiwa kitandani ananyonyesha.

Kwa nini ni rahisi hivi kumhukumu mtu? Nisingependa ufikiri ni kwa sababu wewe ni mbaya. Akili ya mwanadamu inafanya kazi hivyo. Nikichelewa ibada, najua kulikuwa na foleni Ubungo. Wewe ukichelewa, naona mtu asiyejali. Hali yangu naiona kwa ndani, yako naiona kwa nje, na penye giza napajaza mimi. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa seminari ya teolojia huko Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo jingine kutoa hotuba fupi, wengine hasa juu ya Msamaria Mwema, na njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuugua. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia kwa namna moja au nyingine. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kwamba mtu alikuwa na Msamaria Mwema kichwani haikuleta tofauti ya maana. Ukimwona mmoja wao anampita mgonjwa ungesema hana huruma huyu, na anataka kuwa mchungaji! Usingeijua saa aliyoambiwa.

Hili mimi nimelilipia. Miaka ya mwanzo ya uchungaji wangu, kwenye mtaa mmoja upande wa Temeke, kulikuwa na baba aliyesinzia kila Jumapili, benchi la tatu kutoka nyuma, kabla hata sijafika kwenye somo. Siku moja nikasimamisha mahubiri nikasema kwenye kipaza sauti kwamba wako watu wanaokuja nyumbani mwa Bwana kulala. Watu wakageuka. Alinyanyuka taratibu, akaokota kofia yake, akatoka. Jumanne mke wangu akanisukuma nimfuate. Nilimkuta kwenye ngazi ya chumba alichopanga, anafunga kamba za buti, kando yake kibakuli cha ubwabwa kimefungwa kwa kitambaa. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala. Jumapili alitoka lindo saa kumi na mbili asubuhi, akatembea kwa miguu mpaka kanisani ili nauli ibaki ya mtoto wa shule. Hakuwahi kukosa ibada. Nilisimama pale nikamkumbuka kuhani Eli, ambaye Hana alikuwa akiomba kwa uchungu wa moyo, midomo inacheza bila sauti, yeye akamdhania amelewa. Jumapili iliyofuata niliomba radhi kwenye kipaza sauti kile kile, kwa kuwa kosa nililifanya hadharani.

Sasa hela za kikoba. Hapa hakuna anayehitaji kuupima moyo wa mtu. Kuna daftari, kuna sanduku, kuna hisa. Vikundi vingi vina sanduku la kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, na hakuna anayeona ametukanwa kwa utaratibu huo. Kuuliza hesabu ni haki ya mwenye hisa. Paulo mwenyewe alipokuwa na michango ya makanisa alihakikisha haisafirishi peke yake, ili mtu asipate la kumlaumu. Yako kwenye 2 Wakorintho 8:20-21. Kwa hiyo itisheni kikao cha wanachama, mhazini aombwe hesabu kwa maandishi, na tarehe iwekwe. Kabla ya tarehe hiyo msimwite mwizi, maana hamjui. Inawezekana amekopesha mtu asiyelipa na anaona haya kusema. Tarehe ikipita bila hesabu, chukueni katiba ya kikundi mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hapo "msihukumu" haina kazi yoyote, na anayeitumia kuificha daftari anawadhulumu kina mama waliokuwa wanaweka hisa zao kila wiki.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelisikia likitumika vibaya kuliko hapo, kumnyamazisha mke anayepigwa, hata mtoto aliyeguswa na mtu anayeheshimiwa. Penye kipigo au mtoto kudhuriwa, usianze na "wewe na yeye peke yenu." Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Mchungaji aambiwe baadaye.

Turudi kwa mzazi wako. Hoja yako kwamba mkienda mtakuwa mnabariki dhambi ina uzito, na siidharau. Kanisa lina nidhamu yake. Kama usharika umemtenga na Meza ya Bwana, hilo liko mikononi mwa mchungaji na baraza la wazee, na siku akirudi kundini mtafurahi naye kanisani. Lakini kumpelekea mzazi sabuni na unga wa uji si sakramenti. Hakuna aliyewahi kukuona umebeba beseni la uji ukamaanisha umefungisha ndoa. Upande wa pili, ukienda ukakaa kana kwamba hakuna lolote, miaka mitano ikapita, utakuwa umemnyima kitu anachostahili kutoka kwa ndugu. Tena hata sheria haiko kimya: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuheshimika kama mume na mke, inachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hiyo haimfanyi awe na ndoa ya kanisani, ila inakuonyesha kwamba hapo kuna nyumba, kuna familia, na kubariki ndoa kwa mchungaji, kwa nguo safi na mashahidi wawili, kunaweza kuwa karibu kuliko mlivyodhani.

Zungumza na mchungaji wako ana kwa ana kabla jumuiya haijakaa tena, kwa kuwa yeye anaijua familia hiyo na mimi siijui. Mkikaa, simama pale pale uliposimama mara ya kwanza, useme ulisema kabla hujamwona. Usimjibu yule binti kwenye grupu. Mpigie simu, kisha mwende wote kwa mzazi.

Mwende Jumamosi mchana, watu wakiwa wachache. Chukua khanga doti moja, sabuni, na vitu vya uji. Akiuliza kama mmetumwa na jumuiya, mwambie ukweli, mmekuja wenyewe kwanza, na wewe unaomba radhi kwa uliyoyasema. Habari ya ndoa usiianzishe siku hiyo. Akiianzisha yeye, msikilize mpaka amalize, na kama yuko tayari mwambie utamsindikiza kwa mchungaji, yeye na mwenzake. Akikaa kimya, rudi wiki inayofuata. Na uulize mtoto anaitwa nani, maana kwenye swali lako hukuandika hata kama ni wa kike au wa kiume, nami ningependa kumwombea kwa jina lake.